Pete ya uchumba na shela: mwongozo kamili wa kuvipatanisha

Kwa wengi wetu pete hutangulia. Kijana anapiga goti, posa inapokelewa, mahari inajadiliwa, kamati inaanza vikao, na shela, yaani gauni la harusi, linakuja kutafutwa baadaye kabisa, pengine mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unachukulia kwamba pete tayari iko kidoleni na unatafuta shela litakaloelewana nayo. Kama kwako mambo yamekwenda kinyume, yaani shela unalo (la mama, au ulilokwisha kushonewa) na pete bado iko kwa sonara, hatua ni hizihizi, utazianzia tu upande wa pili.

Kuna jambo moja linalosahaulika, na ukilishika kazi nzima inapungua. Pete haikai kwenye shela. Inakaa kwenye ngozi ya mkono, na siku ya harusi mkono huo una vituo vichache vinavyojulikana: kiunoni ukiwa umeshika maua, kwenye kiwiko cha bwana harusi mnapotembea, begani kwake mnapocheza, karibu na uso unapofuta chozi, na juu ya meza mnapokata keki na kusaini cheti. Huko ndiko pete na shela hukutana. Pindo, mkia wa mita mbili na mgongo wenye vifungo havijawahi kugombana na pete ya mtu. Unacholinganisha na pete ni mikono ya shela, kifua chake na kiuno.

Hatua ya 1: Isome pete yenyewe

Kabla hujaingia duka lolote, ivue pete, igeuze, uangalie ndani ya duara ukiwa dirishani. Pete nyingi za dhahabu zina muhuri mdogo wa namba. 750 ni dhahabu ya karati 18, maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi. 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Dhahabu inayoletwa kutoka Uarabuni mara nyingi ni karati 21, muhuri 875. Ile ya masonara wa Kihindi ni karati 22, muhuri 916. Fedha huandikwa 925 na platinamu 950.

Namba hizi si za kujua bei tu. Dhahabu ya njano haina njano moja. Ya karati 22 ina njano iliyoiva kama kiini cha yai la kienyeji, wakati ya karati 9 imechanganywa na fedha, shaba na madini mengine kiasi kwamba njano yake imepauka. Mtu anayekwenda kutafuta shela la uzi wa dhahabu akiwa na neno "njano" tu kichwani, anaweza kurudi na kitu kinachoifanya pete ya karati 9 ionekane ya kupaka.

Kama pete yako ni ya dhahabu nyeupe, iangalie upande wa kiganja. Dhahabu nyeupe kwa asili ina weupe uliofifia wenye unjano kidogo. Ule weupe mkali wa dukani unatokana na rodiamu, madini yanayopakwa juu kwa safu nyembamba sana. Safu hiyo inalika, na huanza kulika kwa chini, pale pete inaposuguana na usukani, ndoo na mpini wa mwiko. Ukiona unjano umeanza kuchungulia, usilinganishe shela na rangi hiyo. Sonara ataipaka upya, na ni kazi ya kufanywa wiki mbili tatu kabla ya harusi, si usiku wa kuamkia. Platinamu haina shida hiyo, yenyewe ni nyeupe hadi ndani. Dhahabu ya waridi nayo inapata wekundu wake kutoka kwenye shaba.

Kisha ipige picha tatu kwa simu, bila flashi: moja dirishani asubuhi, moja chini ya balbu ya njano, moja chini ya taa nyeupe ya LED. Utashangaa jinsi pete moja inavyotoa sura tatu. Picha hizo ndizo za kumwonyesha fundi, kwa sababu hutakuwa na ukumbi mkononi utakapokuwa unapima shela saa sita mchana.

Hatua ya 2: Chagua weupe

Mashela meupe hayana weupe mmoja, na hapa ndipo wengi wanapopoteza muda kwa kubishana na mama mdogo bila kujua wanabishania nini. Kuna nyeupe pe, inayotoka zaidi kwenye satini ya poliesta na neti za viwandani. Ina kaubluu fulani ndani yake, na chini ya zile taa za zambarau za DJ inaweza kuwaka kabisa. Kuna rangi ya maziwa, ambayo wengine huiita krimu. Hariri ya asili huangukia hapo kwa sababu weupe wake hauwi mkali kama wa poliesta. Halafu kuna shampeni, ambayo tayari ina udhahabu au uwaridi kidogo.

Pete ya njano na shela la rangi ya maziwa ni ndoa isiyo na maneno. Pete nyeupe, iwe platinamu au dhahabu nyeupe, inapendeza sana na nyeupe pe. Vyote viwili ni vikali na baridi, vinaelewana. Dhahabu ya waridi ipe shampeni au maziwa. Ukiipeleka kwenye nyeupe pe, wekundu wa shaba unajitokeza zaidi, na wapo wanaoupenda hivyo, ila ujue kabla.

Sasa pete ya njano na nyeupe pe. Wauzaji wengi watakwambia haifai. Mimi siwakubalii. Ushauri huo unasikika zaidi kuliko unavyostahili, na kwetu una kasoro: kati ya pete na kitambaa kuna ngozi. Kwenye mkono mweusi au wa maji ya kunde, dhahabu ya njano inang'aa yenyewe bila kuuliza kitambaa kina weupe gani. Kinachoiharibu ni upweke. Njano ikiwa moja tu mwilini mzima, pete inaonekana kama kitu ulichosahau kuvua. Vaa hereni za njano, hata ndogo, na mgogoro umekwisha.

Pete nyeupe kwenye shela la maziwa inahitaji msaada wa aina hiyohiyo: shanga za kioo au za fedha kwenye kifua au kwenye taji, ili weupe wa pete upate ndugu.

Neno moja kwa wenye almasi. Si almasi zote ni nyeupe kabisa. Nyingi zina unjano hafifu. Jiwe la namna hiyo likishikwa na dhahabu ya njano, unjano wake hauonekani sana, kwa sababu jicho linaulinganisha na dhahabu yenyewe. Lakini likishikwa na dhahabu nyeupe na kuwekwa mbele ya kitambaa cheupe pe, linasema ukweli wote. Kama jiwe lako liko hivyo, rangi ya maziwa ni rafiki yako.

Namna ya kujaribu dukani: usiweke pete juu ya kitambaa. Kila mtu hufanya hivyo na haisaidii kitu, maana pete haitalala juu ya kitambaa. Vaa shela, kunja mtandio au taulo uwe kama shada, ulishike kitovuni kwa mikono miwili, mkono wa kushoto ukiwa mbele, kisha simama hatua tatu kutoka kwenye kioo. Mwombe uliyekuja naye akupige picha kutoka hapo. Halafu sogea hadi mlangoni, kwenye mwanga wa jua, upigwe nyingine. Duka likikukatalia kusogea mlangoni, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 3: Maliza kazi ya kiuno na mikono

Hapa pana kazi kubwa kuliko hatua zote, kwa hiyo tutulie kwenye mfano mmoja.

Tuseme pete ni ya karati 18, ya njano, yenye almasi moja ya duara isiyo kubwa. Shela ulilolipenda ni la kukodi kutoka Sinza: rangi ya maziwa, mikono mirefu ya lesi, sketi ya neti, na kiunoni limezungushiwa mkanda wa mawe ya kioo, kila jiwe likiwa limekalia kikombe kidogo cha rangi ya fedha. Kwenye mdoli wa dukani ni zuri hasa. Ukilivaa na kushika maua, kidole cha pete kinatua sentimita mbili tatu juu ya ule mkanda. Mawe ya mkanda ni makubwa kuliko almasi yako, ni mengi, na vikombe vyake ni vyeupe. Kila picha ya nusu mwili itakayopigwa siku hiyo, jicho litakwenda kwenye mkanda, na pete itaonekana kama jiwe lililodondoka kutoka humo likabadilika rangi.

Usiliache shela. Uliza kwanza mkanda umeshikizwaje. Mara nyingi mikanda hiyo imeshonewa kwa mkono, kwa mishono michache ya juu juu, kwa sababu duka lenyewe huwa linaibadilisha kutoka shela moja hadi jingine. Fundi ataufumua kwa mkasi mdogo bila kuacha alama. Mahali pake weka utepe mpana wa satini wa rangi ileile ya shela. Kiuno kikitulia, almasi ndogo inapata uwanja. Kama unaona utepe mtupu ni ukiwa, tafuta mkanda uliotariziwa kwa uzi wa zari, wenye njano inayokaribiana na ya pete, bila jiwe hata moja.

Zari nayo ina mambo yake. Ipo yenye njano kali, ipo inayokaribia shaba, na ipo ile iliyofifia kama dhahabu ya zamani. Ukienda Kariakoo, omba ukate uzi wa kidole kimoja kutoka kila koili, uuzungushe kwenye kidole cha pete, kando ya pete yenyewe, utoke nje ya duka. Usitafute uzi unaolingana sawasawa, hutaupata, na ukiupata utaonekana wa bandia. Tafuta unaokuwa hafifu kidogo kuliko pete, ili pete iwe ndiyo yenye njano iliyoiva zaidi mwilini.

Kama pete yako ndiyo kubwa, yenye jiwe lililozungukwa na mawe madogo na inaonekana kutoka safu ya pili ya ukumbi, mwenendo ni uleule kwa nguvu zaidi. Shela lenye kifua kilichojaa shanga, mikono iliyojaa shanga na kiuno kilichojaa shanga litashindana nayo, na vyote viwili vitashindwa. Mpe pete eneo lake: shanga ziwe nyingi kwenye pindo, mkiani na mgongoni, zipungue kadiri zinavyopanda kuelekea kiunoni na kwenye vifundo vya mikono. Fundi anayejua kazi ataelewa ukimwambia hivyo.

Na kama hutaki pete ionekane sana, kwa sababu zako, basi shela la shanga tupu ni ruhusa kamili.

Umbo la jiwe nalipitia haraka, kwa maana linazungumzwa kuliko linavyostahili. Jiwe la pembe nne lenye ngazi ngazi linapatana na krepu iliyokatwa kwa mistari safi. Jiwe la duara au la yai halina makuu, linakaa na lesi, satini au shifoni. Pete yenye nakshi za kizamani inapenda lesi. Hakuna mgeni atakayeondoka ukumbini akilalamika kwamba jiwe la duara halikuendana na shingo ya mraba.

Hatua ya 4: Pete yenye jiwe la rangi

Tanzanaiti, ambayo tangu ilipogunduliwa mwaka 1967 haijapatikana kwa biashara popote nje ya Mererani, wilayani Simanjiro, imeingia kwenye pete nyingi za uchumba za Kitanzania, na ina tabia inayowapa watu wasiwasi: inabadilika. Kwenye mwanga wa mchana inaegemea bluu. Chini ya balbu za njano inasogea kwenye zambarau. Usishtuke ukumbini, jiwe halijabadilishwa. Ila kumbuka hilo kama unataka kuoanisha maua au utepe na jiwe. Chagua rangi kwa mwanga wa mahali picha nyingi zitakapopigwa. Picha za bustanini saa kumi jioni na picha za ukumbini saa tatu usiku zina mawe mawili tofauti.

Kosa kubwa kwenye pete za rangi ni shangwe. Jiwe la bluu linageuka kuwa sababu ya utepe wa bluu kiunoni, maua ya bluu, kucha za bluu, sare za wapambe za bluu na vitambaa vya viti vya bluu, na mwisho wa siku jiwe halionekani tena kwa sababu limezama kwenye rangi yake. Mfano mzuri wa kinyume chake una mguu mmoja huku kwetu. Prince William alimvalisha Kate Middleton pete akiwa Kenya, Oktoba 2010: ile safaya ya bluu yenye uzito wa karati 12, iliyozungukwa na almasi kwenye dhahabu nyeupe, iliyokuwa ya mama yake, Diana. Harusi ilipofika, tarehe 29 Aprili 2011, gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, mikono mirefu ya lesi, maua meupe, na hapakuwa na bluu iliyoonekana popote kwenye vazi. Pete ya ndoa yenyewe ilikuwa ya dhahabu ya njano ya Wales. Mtu akitaka kukuambia kwamba kuchanganya njano na nyeupe kwenye kidole kimoja ni mwiko, amwambie hayo binti mfalme.

Ukitaka kuirudia rangi ya jiwe, irudie mara moja tu, na kwa udogo: ua moja moja ndani ya shada, au hereni. Jiwe la kijani, liwe zumaridi au tsavoraiti ya Taita Taveta, halihitaji hata hilo, kwa sababu majani ya shada tayari yanafanya kazi hiyo. Mwombe mwenye maua asiyakate yote. Yakuti nyekundu inapenda maziwa na shampeni. Kwenye nyeupe pe inakuwa na ukali wa bendera.

Hatua ya 5: Pima kama pete inanasa

Rangi zikipatana halafu pete ikachana mkono wa shela la kukodi, umepoteza dhamana yako na furaha ya asubuhi. Lesi, neti na shifoni ni vitambaa vya kunasa. Pete yenye jiwe lililoinuliwa juu na kushikwa na vijikucha vinne au sita ni ya kunasia. Ile ambayo jiwe lake limezungushiwa ukingo wa dhahabu pande zote haina shida hiyo.

Chukua soksi ndefu ya nailoni ya zamani, ivute juu ya pete ikiwa kidoleni, taratibu, kutoka pande zote. Ikishika uzi mahali, kijikucha kimoja kimeinuka au kina ncha. Mpelekee sonara akilaze na kukisugua. Ni kazi ya muda mfupi, na ni vizuri kwa jiwe pia, kwani kijikucha kilichoinuka ndicho kinachokuja kuliachia jiwe. Mwambie akague vyote huku akilitikisa jiwe kwa kibano.

Kisha fanya mazoezi ya kuvaa. Shela huvaliwa pete ikiwa imevuliwa, bila mjadala, na mikono ya lesi inapitishwa mkono ukiwa umekunjwa ngumi. Veli ndiyo adui mkubwa zaidi, kwa sababu utaigusa siku nzima bila kujua. Ukiwa nyumbani jizoeze kuigusa kwa mkono ambao wakati huo hauna jiwe.

Hatua ya 6: Pete ya pili inakuja

Wakati wa kupanga shela, wengi husahau kwamba baada ya kiapo kidole kitakuwa na pete mbili. Ziweke pamoja mapema. Pete ya uchumba yenye jiwe kubwa linaloshuka chini inaweza kuisukuma pete ya ndoa ikae upande, na kuacha mwanya kama jino lililong'oka. Sonara anaweza kukutengenezea pete ya ndoa yenye kijipinda. Karati zikaribiane. Dhahabu laini ya karati 22 ikikaa kando ya ya karati 9 kwa miaka, ile laini ndiyo itakayolika.

Kuhusu saizi: vidole huvimba kwa joto, chumvi na kusimama sana, na harusi ya Desemba jijini Dar ina vyote vitatu. Pima kidole jioni, si asubuhi, na si siku moja tu. Pete ipite fundo kwa kusukumwa kidogo na itoke bila sabuni. Kama itabidi ipanuliwe au ipunguzwe, mpe sonara muda wa kutosha, na kama jiwe ni tanzanaiti au zumaridi, msisitizie alitoe jiwe kabla ya kuwasha moto. Mawe hayo hayapendi joto la ghafla.

Siku ya ibada, pete ya uchumba ihamie mkono wa kulia tangu asubuhi. Kidole cha kushoto kibaki kitupu, bwana harusi aivalishe pete ya ndoa bila kuhangaika, kisha baada ya kusaini cheti uirudishe ile ya uchumba juu yake. Ijaribu kwenye mkono wa kulia wiki kadhaa kabla, kwa sababu kwa watu wengi vidole vya mkono huo ni vinene zaidi na pete inaweza kugoma. Ikigoma, matroni ataibeba, kwenye kiboksi, si kwenye kona ya kanga.

Hatua ya 7: Mkono unaoibeba

Kucha za rangi ya mwili au waridi hafifu zinaiachia pete nafasi. Nyekundu iliyokolea inapendeza na njano, lakini inakuwa kitu cha kwanza kuonekana. Kucha zenye mawe ya kubandikwa ni uamuzi wako, mimi nisingeziweka kando ya almasi niliyochumbiwa nayo.

Kwa maharusi wa Mombasa, Unguja na kwingineko pwani, hina ndiyo vazi la mkono hasa, na pete inabidi iifuate. Vua pete kabla ya kupakwa na usiirudishe mpaka hina imekauka na kubanduliwa. Ikiingia chini ya jiwe inatia uchafu usiotoka kirahisi. Paka siku mbili kabla, kwani rangi ya hina huendelea kukolea kwa muda wa siku moja hadi mbili. Mwombe mpakaji akiache kidole cha pete na maua machache, au akimalizie chini ya fundo. Piko jeusi linaipendeza dhahabu, hilo sibishi, lakini lile lililochanganywa na dawa ya kupaka nywele limeunguza ngozi za watu, na mkono wenye malengelenge hauna pete inayoupatia.

Glavu ndefu na pete ya uchumba havikai pamoja. Pete juu ya glavu haitoshi, chini ya glavu inatoboa. Kama unazitaka, zivue kabla ya kiapo na usizirudishe.

Hereni, mkufu na taji vifuate madini ya pete, angalau kimojawapo. Bangili iende mkono wa kulia. Mkono wa kushoto uachiwe pete. Vishikizo vya shati na saa ya bwana harusi navyo vikiwa vya rangi ya pete, picha ya mikono miwili itajipanga yenyewe.

Sendofu na kicheni pati

Watu huweka nguvu zote kwenye shela na kusahau kwamba siku ambazo pete ya uchumba inatamba peke yake ni hizi. Hakuna pete ya ndoa bado, na utanyoosha mkono kwa mashangazi wote. Gauni la sendofu kwa kawaida lina rangi, kwa hiyo kuna uhuru zaidi: kijani kilichokolea na dhahabu ya njano, divai na dhahabu ya waridi, bluu ya usiku na platinamu. Tanzanaiti na gauni la zambarau naiepuka. Kama gauni lina zari nyingi kifuani, mikono iwe mitupu au mifupi.

Wiki ya mwisho

Osha pete siku mbili kabla. Maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, matone ya sabuni ya vyombo, iloweke kama dakika ishirini, isugue kwa mswaki laini hasa nyuma ya jiwe ambako mafuta ya kujipaka hujikusanya, isuuze kwenye bakuli jingine. Kamwe usiisuuze juu ya sinki lililo wazi. Dawa ya meno na majivu vinakwaruza dhahabu. Dawa za kung'arishia nguo zenye klorini zinaidhoofisha. Tanzanaiti na zumaridi zisipelekwe kwenye mashine za kuosha kwa mvuke au mtetemo, na lulu ifutwe tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Asubuhi ya harusi pete inakuwa kitu cha mwisho kuvaliwa, baada ya losheni, poda, dawa ya nywele na manukato. Kabla ya hapo mpe mpiga picha, maana ndio muda wake mzuri: aiweke kwenye lesi ya shela karibu na dirisha, na hapo tu ndipo ninaporuhusu pete ilale juu ya kitambaa. Ukumbini mwambie apige picha ya mikono kabla DJ hajawasha taa za rangi. Zikishawaka, njano, nyeupe na waridi zote huwa kitu kimoja.

Kesho yake, kabla shela halijarudi dukani, iangalie pete. Kama kuna jiwe dogo limekosekana, usiikimbilie zulia la ukumbi kwanza. Geuza mikono ya shela ndani nje, ikung'ute juu ya shuka jeupe, pitisha vidole kwenye neti ya kiunoni na kwenye veli, kisha uvunjevunje shada juu ya shuka hilohilo.